Karatasi Uliyobandika Dirishani

Kwako Baba Riziki, uliyeondoka bila kuniaga,

Barua hii siifungi. Wewe ulipenda mambo yafungwe, mimi naiacha wazi, na mama wa kanisa waliokaa nami kwenye matanga waisome, wawasomee na waume zao. Hasa waume zao.

Ni asubuhi. Riziki ameenda shule na mimi niko mezani jikoni, pale ulipokuwa unapenda kukaa ukimenya ndizi. Dirisha liko kushoto kwangu. Nitafika kwenye hilo dirisha, lakini kwanza nianze na siku ulipoileta ile karatasi nyumbani.

Uliniambia nifumbe macho na ninyooshe mkono. Nikanyoosha, nikangoja.

“Weka basi,” nikasema.

“Nimeshaweka,” ukajibu.

Nilipofungua macho ilikuwa pale, juu ya kiganja changu, na mistari yote ya kiganja naiona chini yake kama kitu kilicho ndani ya maji. Sikusikia uzito wowote. Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukaniambia inatoka Japani, ni maganda ya mti fulani wa jamii ya mforosadi. Wanayachemsha, wanayaponda mpaka yawe nyuzi tu, kisha wanazichota majini kwa chekeche pana la mianzi na kutikisa, karatasi moja moja, kwa mkono.

“Mtu mzima na akili zake anatikisa maji,” nikasema, “ili apate kitu ambacho hata dagaa, ndagala wetu, hakiwezi kufunga?”

“Hii haifungi ndagala, chérie. Hii inatibu vitabu.”

Ukampa Riziki kipande, ukamwambia avute kwa nguvu. Akavuta mpaka akakunja uso. Hakikukatika. Ulifurahi kama wewe ndiye uliyekitengeneza.

Wanaosoma hii bila kutujua niwaambie kwamba mume wangu alifanya kazi kwa Anko. Hapa Durban mzee wa Kihindi ni Anko, hata kama si wa kwenu. Anko ana karakana hapa Berea, chini ya nyumba yake, na watu humpelekea vitu vya karatasi vilivyochanika: Biblia za babu zao, Kurani, vitabu vya nyimbo, ramani, picha za harusi. Wewe ulikuwa umefanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa vitabu kule kwetu Uvira, Kongo, na Anko alipokuona ukigusa ukurasa kwa upande wa kidole, si kwa ncha, alikuajiri siku hiyo hiyo. Hivyo ndivyo ulivyonihadithia. Siku hizi sijui lipi la kuamini katika hadithi zako, lakini hilo Anko amelithibitisha.

Halafu tumbili. Tulipohamia kwenye hii fleti hakuna aliyetuambia kwamba tumbili wa Berea wanakaa juu ya ukuta kama wapangaji, wanachungulia jikoni, na wakiona ndizi wanaingia. Mmoja aliingia mimi nikiwa nimesimama pale pale, akachukua ndizi, akaniangalia kama mimi ndiye mwizi. Pazia nililoweka walilivuta. Ukasema utawaziba macho. Ukaleta mabaki ya karatasi ambayo Anko alitaka kuyatupa, ukaomba sufuria yangu ndogo, ukapika wanga wa ngano mpaka ukawa mzito na kung'aa.

“Uko unapika uji?” nikauliza.

“Uji wa vitabu.”

“Weka sukari basi tunywe.”

Ukabandika vile vipande kwenye kioo, kimoja juu ya ukingo wa kingine, kuanzia chini mpaka juu. Ulipomaliza jikoni ilikuwa na mwanga mweupe, laini, kama mwanga ulionawa. Tumbili wakaja, wakaona weupe tu, wakaenda kwa jirani. Ulisema kule Japani kuna nyumba ambazo milango yake ni karatasi kama hii, mwanga unapita na macho hayapiti. Nilikuona ni mtu mwenye busara. Sikujua kwamba ulikuwa unatueleza jinsi ulivyotaka kuishi na sisi.

Mwaka jana, joto lilipoanza, ukaniambia Anko anahitaji mikono mingine Jumamosi. Nikasema mimi ni mtu wa saluni, vitabu vinanijua wapi? Ukachukua mikono yangu, ukaigeuza.

“Mikono inayosuka nywele nyembamba vile haiwezi kushindwa na karatasi.”

Nikaja. Ulinifundisha kwa upole, na mimi niliziishi zile Jumamosi kama mchumba. Nakumbuka harufu ya wanga, na redio ya Anko ya nyimbo za Kihindi, na wewe umesimama nyuma ya bega langu. Ulinikataza mkasi.

“Ukikata na mkasi, ukingo unakuwa ukuta. Chora mstari kwa maji, kwa brashi, kisha vuta pole pole. Nyuzi zitoke kama ndevu. Hizo ndevu ndizo zinashika.”

Nilikosea mara nyingi. Nilizidisha gundi, kama mtu anayepaka mafuta nywele, na karatasi ikajikunja na unyevu wa Durban. Hukunigombeza. Ulisema, “Hakuna neno. Gundi hii ni ya wanga, inasamehe. Maji kidogo tu na unaanza tena.”

Siku moja alikuja mama kutoka Pinetown na picha ya marehemu baba yake, imechanika kifuani, kutoka bega hadi bega. Uliitengeneza kwa ile karatasi nyembamba kuliko zote, ukaibandika nyuma. Aliporudi kuichukua aliigeuza, akaiinua juu kwenye taa.

“Naona palipochanika,” akasema. “Mimi nilitaka isionekane kabisa. Iwe kama haikuchanika.”

“Mbele huoni, mama,” ukamwambia. “Ukigeuza na kushika kwenye mwanga, utaona. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa.”

“Nilipe pesa yangu halafu nione?”

“Siku moja mjukuu wako ataishika. Nisimdanganye mtoto wa watu ambaye hata hajazaliwa.”

Yule mama akasonya, halafu akacheka. “Eish! Nimeleta picha kwa fundi, kumbe nimeleta kwa mchungaji.” Akalipa, akaenda na picha yake kifuani.

Alipotoka ukaniambia maneno ambayo niliyabeba mpaka saluni, nikawaambia hata wateja wangu nikiwasuka: “Kutengeneza na kufunika ni kazi mbili. Sisi tunatengeneza.”

Baba Riziki, siku hiyo ulikuwa tayari unajua. Ulisimama pale na ini lako limeharibika, umeshaambiwa na daktari, na ukamfundisha mama wa Pinetown kuhusu ukweli. Nami nilikuwa kando yako nimeshika brashi, najisikia nimeolewa na mtu mnyoofu kuliko wote Durban.

Maana ni miezi ile ile uliyoanza kufunga. Ulisema una mzigo wa maombi. Asubuhi huli, mchana huli, jioni unachovya tonge moja la bugali kwenye sombe, majani ya muhogo, na kusema umeshiba. Kanisani kwetu mtu anayefunga haulizwi sana, ni jambo lake na Mungu. Ulilijua hilo vizuri. Ulichagua uongo ambao mke Mkristo hawezi kuubishia. Mkanda wako uliutoboa tundu jipya kwa msumari, nikakuona, nikasema moyoni huyu mtu anampenda Mungu. Nikajivuna. Niliwaambia akina mama wakati wa kupanga viti vya kanisa, na mmoja wao, Mama Esther, akapiga makofi.

“Mama Riziki, angalia sana! Mume wako atapaa, atuache huku chini na viti.”

Tulicheka wote. Wewe ulikuwa mlangoni, ukatabasamu.

Halafu ukaanguka kwenye ngazi za karakana. Anko alikubeba kwenye bakkie yake, ile pikapu, mpaka hospitali, akanipigia simu saluni, nikatoka na kitana kichwani. Nilipofika ulikuwa umelala, na daktari akasema huo si usingizi. Nilikushika mkono mpaka kesho yake. Kwenye kucha zako kulikuwa na gundi kavu, nikawa naitoa kidogo kidogo kwa kucha yangu, nikifikiri utaamka uone mikono ni safi. Hukuamka. Niliambiwa na wauguzi kwamba unasikia, kwa hiyo nilikuambia mambo ya kawaida tu, kwamba Riziki yuko kwa Mama Esther, kwamba nimelipa umeme. Kama ningejua ule ndio mwisho, ningekuambia mambo ya umeme?

Kwenye matanga Anko alikuja na sinia la sambusa, akavua viatu mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka na magoti yake mabovu. Akanishika mkono. Aliongea kwa Kiingereza, polepole, kama anavyoongea nami siku zote.

“Alipigana vizuri, Mama Riziki. Mwaka mzima. Kila nikimtoa hospitali nilimwambia aende nyumbani alale, na yeye anarudi mezani.”

“Hospitali gani, Anko?”

Nikaona uso wa mzee ukisawijika. Akaniangalia, akaangalia sambusa zake.

“Aliniambia unajua,” akasema. “Aliniambia unaumia ukiliongelea, nisilitaje. Mimi nikanyamaza kwa heshima yako.”

Mama Esther alikuwa anakata vitunguu. Kisu chake kilisimama hewani.

Kwa hiyo ulimdanganya na yeye. Mlikuwa mnatoka pamoja, anakusubiri kwenye maegesho ya hospitali, na mimi ninafua mashati yako na kumshukuru Mungu kwa mume wa maombi. Najua kwa nini. Nakujua hata sasa. Ulikumbuka mama yangu alipofariki Uvira na mimi niko huku, sina njia ya kwenda kumzika. Ulikumbuka nilivyokaa sakafuni sili, na wewe unanilisha uji kwa kijiko. Ulisema moyoni huyu mwanamke hatabeba msiba mara ya pili. Lakini mama yangu sikumuaga kwa sababu ya umbali. Wewe tulilalia mto mmoja. Umbali huo uliutengeneza wewe.

Ningekupikia supu ya samaki bila chumvi. Ningefunga saluni mapema. Ningekaa na wewe kwenye maegesho ya hospitali. Pengine tungegombana, pengine ningelia kila siku kama ulivyoogopa, lakini machozi hayo yangekuwa yangu, ningeyalia na wewe ukiniona. Sasa nayalia kwenye mto wako na haunijibu.

Watu walipokwisha kuondoka na viti vimerudi kanisani, nilisimama asubuhi moja mbele ya hili dirisha. Ule mwanga mweupe ulinichefua. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikaanza kuchana. Ulinifundisha kwamba gundi ya wanga hulainika ukiipa maji na subira. Sikuipa subira. Nilikwangua kwa kucha, ikatoka vipande vipande, ikanibaki vidoleni kama ngozi.

Riziki alitoka chumbani na sare ya shule.

“Mama! Hiyo ni ya papa!”

“Papa wako alitudanganya,” nikasema, na sikugeuka.

Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, “Mimi hakunidanganya.”

Hapo niligeuka.

“Nilimuona akitapika kwa sinki,” akasema. “Iko damu. Akasema ni siri yetu sisi wawili. Akasema nikikuambia utalia, na yeye hawezi kukuona unalia. Nikasema sharp, sawa papa.” Akanishika nguo. “Mama, kama ningekuambia, hangekufa?”

Baba Riziki, ini nalisamehe. Anko nimeshamsamehe. Ile funga ya uongo naweza nikafika siku nikaicheka. Lakini mtoto wa miaka tisa alikula mezani hapa, kati yangu na wewe, amebeba kifo chako mdomoni na hana ruhusa ya kumeza wala kutema. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ameacha kuimba akioga. Nilidhani anakua.

Nilimwambia hapana, hangeweza kukuzuia kufa. Nilimwambia tena na tena. Aliitikia kwa kichwa, lakini tangu siku hiyo haniamini mimi wala mtu yeyote mzima. Nikikohoa anakuja mlangoni. Nikichelewa kutoka kazini anasimama kwenye baraza ya fleti mpaka anione nikishuka kwenye taxi. Na kwa vile huzuni ilikuwa imenitoa hamu ya chakula, jioni moja aliangalia sahani yangu, akaweka kijiko chake chini.

“Mama, uko unafunga?”

Sijawahi kuogopa swali kama nilivyoliogopa hilo. Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe, na yeye ananiangalia mdomo.

Sasa niko kwa Anko, si Jumamosi tu. Nilikataa mwanzoni. Nilikuwa nimeelewa kwamba zile Jumamosi hazikuwa za mapenzi, au hazikuwa za mapenzi peke yake, ulikuwa unaniachia kazi yako mkononi kabla ya kuondoka. Hata hilo ulinipa kwa kunizunguka. Lakini mikono imeshajua, na saluni mgongo wangu umechoka. Nakaa kwenye kiti chako. Natumia brashi yako ile yenye mpini ulioung'ata.

Wiki iliyopita kichwa kiliniuma mpaka mistari ya kitabu ikawa inatembea. Anko akanifukuza, akasema niende kliniki. Muuguzi alinifunga mkono, akapima, akapima tena, akasema presha iko juu, akanipa vidonge na kuniambia nirudi mwezi ujao. Nikavitia vile vidonge ndani ya mkoba, chini kabisa, chini ya kitenge. Nikiwa kwenye taxi narudi nikawa najipangia: mtoto ameteseka vya kutosha. Ni presha tu, watu wengi wanayo. Nitavimeza akiwa shuleni. Akiviona nitasema ni vya kichwa.

Nikakusikia. Ilikuwa sauti yako ndani ya kichwa changu, upole ule ule, sababu zile zile. Kwa muda ule mfupi, mpaka tukafika kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, nilikuelewa kabisa, kuliko nilivyowahi kukuelewa. Na bado sikukubaliana na wewe.

Nilipofika nyumbani nilimkalisha Riziki hapa mezani, nikatoa vidonge, nikaviweka katikati yetu.

“Nimetoka kliniki,” nikasema. “Presha yangu iko juu. Hizi ndizo dawa. Kila siku asubuhi.”

Akavitazama. Uso wake ukawa wa mtu mzima.

“Utakufa?”

“Siku moja, ndiyo, kama watu wote. Kwa hii, muuguzi anasema nikimeza dawa na kupunguza chumvi, nitakaa. Ikibadilika nitakuambia. Siku hiyo hiyo. Na wewe ukiwa na kitu, unaniambia. Hatuna siri ya wawili tena hapa ndani.”

“Hata ukilia?”

“Hata nikilia. Unaona, ninalia, na bado niko.”

Akanitazama nikilia, muda mrefu, kama anayepima kitu. Halafu akainuka, akachukua kopo la chumvi, akapanda kiti, akaliweka juu ya kabati ambapo hata mimi sifikii. “Basi na sombe yako itakuwa mbaya,” akasema. “Pole.”

Jumamosi nilimpeleka kwa Anko. Tuliomba mabaki, akatupa roli nzima, akajifanya ana kazi nyuma. Tulipika wanga hapa jikoni, kwa ile sufuria ndogo. Nilimfundisha kuchora mstari kwa maji. Alivuta haraka mno mara ya kwanza, mara ya pili akavuta vizuri, nyuzi zikatoka ndefu. “Ndevu!” akasema. Nilikuwa sijamwambia hilo neno. Kumbe ulishamwambia wewe.

Vile vipande vyako nilivyokuwa sijafaulu kuvikwangua, pembe ya juu na ukingo wa kulia, tuliviacha. Tulibandika vipya juu ya kingo zake. Jua lilipoingia, kila mahali karatasi yetu ilipoikuta yako palionyesha mstari mzito zaidi, unazunguka dirisha zima kama kovu.

“Mama, inaonekana,” akasema.

“Inaonekana, ndiyo.”

“Tuongeze moja tufunike?”

“Hapana. Iache.”

Nimekuandikia nikiwa mbele ya mstari huo. Sijakusamehe yote, Baba Riziki. Ningekuambia nimekusamehe, lakini barua hii itasomwa na mtoto wako siku moja, na nimemwahidi. Ninakupenda, na unaniuma, na vyote viwili nimeviacha mahali mwanga unapopita. Asubuhi hii, kabla ya kwenda shule, Riziki aliniletea kidonge na glasi ya maji, akasimama mpaka nikameza. Halafu akaenda kuoga, na nikamsikia. Anaimba.

Lala, mume wangu. Nami leo nakuaga, maana hukuniachia nafasi ya kufanya hivyo.

Mke wako uliyemficha,
Mama Riziki